Kumpeleka Mkwe Mikumi kwa Gari Lisilo na Kifungio

Nilisafiri kwenda Mikumi kwa sababu kulikuwa na mtu anayekufa, na kwa sababu katika ukoo mzima wa mke wangu mwenye gari nilikuwa mimi peke yangu. Naliita gari kwa kuwa lilikuwa na usukani na magurudumu manne. Mengine yaliyosalia yalikuwa ya kubishaniwa.

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumapili, nilikuwa nimekaa barazani kwangu Kilosa na kikombe cha chai mkononi. Dereva mmoja wa lori la mbao alifika kutoka Mikumi na ujumbe. Alisema Mzee Kibwana, kaka wa mama mkwe wangu, amezidiwa, na hii ni siku ya tatu hatii kitu mdomoni.

"Kila akizinduka anauliza, Mwanahawa amefika?" alisema yule dereva. "Mke wa mzee ndiye aliyeniagiza. Amesema mkichelewa, basi."

Mwanahawa ni mama mkwe wangu. Jina hilo mimi silitamki, na hata kulisikia kwa mgeni kulinifanya nitazame chini.

Inafaa niseme ugomvi wao ulikuwa nini. Miaka ile watu walipohamishwa kwenda kuishi pamoja vijijini, Mzee Kibwana alikuwa mwenyekiti kule kwao kwa zamani, nyuma ya vilima. Amri ilikuwa nyumba za zamani zibomolewe ili watu wasirudi. Yeye akaanza na nyumba ya marehemu baba yao, ambayo dada yake ndiye aliyekuwa akiishi ndani yake. Aliibomoa kwa mikono yake mwenyewe, mchana, watu wakiangalia. Dada mtu akapakiwa kwenye lori na kuteremshwa kijiji cha Ulaya, hapa kati ya Kilosa na Mikumi, kaka mtu akapelekwa upande wa Mikumi, na tangu siku hiyo hawakusemezana tena. Mwaka wa tano ulikuwa unakatika.

Mke wangu Zuhura alisikia maneno yote ya dereva akiwa ndani. Alikuwa amejifungua siku kumi na mbili nyuma na hakuwa ametoka nje bado.

"Baba Shani," aliniita, "mpitie mama Ulaya umpeleke. Usipomfikisha leo, hiyo nyumba itabomolewa kichwani mwake kila siku mpaka naye azikwe."

Nilimkumbusha kwamba leo ni Jumapili. Wakati ule petroli ilikuwa adimu, na magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku barabarani kuanzia saa nane mchana siku ya Jumapili mpaka Jumatatu asubuhi. Garimoshi la Kidatu nalo lilikuwa limesimama, mvua zimekata njia. Zuhura alinijibu kwamba yeye anajua saa nane ni lini, na kwamba nikiendelea kunywa chai nitaijua na mimi.

Saa nne kasoro nilikuwa bado kwa Fundi Lameki, nyuma ya stesheni. Gari langu lilikuwa la mhandisi mmoja wa shamba la mkonge nilikokuwa karani wa stoo. Aliporudi kwao aliniachia. Lilikuwa gari lisilo na klachi, linalojibadilishia gia lenyewe, na Kilosa nzima lilikuwa hilo moja. Fundi Lameki alikuwa amenieleza mara nyingi kwamba ndani ya giaboksi ile si chuma kinachosukuma chuma. Injini inazungusha mafuta, na mafuta ndiyo yanayosukuma magurudumu. Gari likishashika mwendo, kuna kifungio kinachobana pande zote mbili zikaenda kama kitu kimoja, mafuta yakapumzika.

Kifungio hicho kilikuwa kimeanza ukaidi. Kilibana kikawa hakiachii, hivyo kila niliposimama injini ilizima. Na mimi naishi katika nchi ambayo huwezi kumpita mtu mzima njiani bila kusimama na kumpa shikamoo yake. Kwa miezi miwili nilipita watu wazima nikiwapungia mkono tu, kwa hofu ya kuzimikiwa, na Kilosa ikasema karani amepata gari amepata na kiburi. Nikamwambia fundi bora akikate kabisa. Akakikata. Tangu hapo nikawa nasimama kila mahali na kuamkia kila mtu, na sifa yangu ikapona. Lakini sikuwa nimelipeleka mbali.

"Sasa mafuta hayana mapumziko," Fundi Lameki aliniambia asubuhi ile, huku akinipa chupa ya mafuta ya giaboksi, ya mwisho aliyokuwa nayo. "Yanasukuma mwanzo mpaka mwisho, na yatapata moto. Watu wawili, usizidishe. Halafu mlimani usilibembeleze. Teremsha mkono wa gia chini, kanyaga, liache lipige kelele. Ukienda polepole kwenye gia kubwa ndipo unapoyachemsha. Umenielewa?"

Nilimwambia nimeelewa, mimi si mtoto. Nilikuwa nimeelewa kweli, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kutoka Kilosa barabara ilikuwa na matope lakini inapitika. Nilivuka mto Miyombo maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa. Penye njia ya kuingilia Kilangali nilikuta kundi la wazee wanatoka kuangalia mpunga. Nikasimama, nikaamkia, nikaitikiwa, nikaulizwa habari za mtoto mchanga, na injini ikaendelea kunguruma bila kuzima. Nilijisikia vizuri mno. Mzee mmoja akaomba kupanda mpaka Ulaya, nikamweleza kwamba fundi amenikataza kupakia, akaitikia, "Haya," kwa namna ambayo nilijua habari hiyo itafika mjini kabla yangu. Kuamkiana kote huko kulinichukua karibu nusu saa, na sikuhesabu.

Saa tano na nusu niliingia Ulaya. Shemeji yangu Saidi, mdogo wake Zuhura, alinipokea kwa furaha kisha akausoma uso wangu. Mama alikuwa shambani, akifukuza ndege. Saidi alipanda baiskeli kwenda kumwita.

Msomaji asiye wa kwetu inabidi aelewe jambo moja. Kwa desturi yetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali naye, hakai naye, hapiti naye njia moja. Wakikutana, mmoja hujitenga kando mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, na kadiri unavyomheshimu ndivyo unavyokaa mbali. Kwa miaka saba ya ndoa mimi nilikuwa namjua mama yule kwa sauti na kwa pindo la kanga. Kwa hiyo aliporudi kutoka shambani nilikuwa nimekwisha kuhamia upande wa pili wa nyumba, nimechuchumaa, naangalia ukuta.

"Shikamoo, mama," niliuambia ukuta.

"Marahaba, mwanangu. Zuhura na mtoto?"

"Wazima."

Akaingia ndani. Nilimsikia Saidi akimpa ujumbe. Saidi alitoka akaja kuchuchumaa karibu nami.

"Anasema haendi."

"Umemwambia mzee hali chakula?"

"Nimemwambia. Anasema siku ile alipobomoa nyumba, alikula akashiba."

Nilitazama saa yangu, nikatazama ukuta, nikaanza kupanga nitamwambia nini Zuhura. Saa sita kasoro robo mlango ulifunguka. Saidi akanyoosha shingo kuangalia.

"Amebadili mawazo?" nilimwuliza.

"Hajasema. Ila amekamata kuku."

Alikuwa amejifunga kanga safi, ana mkeka umekunjwa kwapani na kuku mweupe katika tenga. Hapo likazuka suala la nani awe kati yetu. Kwa kawaida angekuwepo mtu wa tatu, mimi nikamwambia yeye, yeye akamwambia mkwe. Saidi alikuwa tayari kuja. Mimi nikakumbuka watu wawili usizidishe, nikamkatalia. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa aache mama yake apelekwe na upepo, lakini hakubishana. Alimfungulia mama yake mlango wa nyuma. Nilingoja mpaka nikasikia "Bismillahi" na mlango kufungwa, ndipo nikaingia kwa mbele nikiwa nimeinamisha kichwa.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kioo cha kuangalizia nyuma, na ndani ya kioo pindo la kanga yake. Nikakigeuza kikatazama dari. Kwa maoni yangu wakati ule nilikuwa nimefanya jambo la adabu kabisa.

Kutoka Ulaya tuliondoka saa sita, zikiwa zimebaki saa mbili kamili kabla ya marufuku. Njia huko huanza kupanda na kushuka kwenye vilima, na mvua ilikuwa imechimba mifereji. Niliendesha taratibu. Kila shimo nililizunguka, kila jiwe nililipanda kwa upole. Nilipofika penye mlima niliuacha mkono wa gia pale pale juu, kwa sababu gia ya chini ilinguruma vibaya na kurusha gari mbele, na mimi nisingemrusha mama wa mke wangu kama gunia la mkonge. Sauti ya gari ilikuwa laini, kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Nilidhani ni dalili njema. Nyuma yangu hapakuwa na neno, ila mara moja moja kuku alilalamika.

Tulikuwa tumepanda mlima wa tatu niliposikia mama anasema.

"Kuku wewe, hivi vumbi hili limetoka wapi, nchi yote imelowa?"

Nikajua anazungumza na kuku wake, si na mimi. Mtu na kuku wake nisiingilie. Nikaendelea.

Baada ya kona mbili akasema tena, sasa kwa sauti kubwa zaidi. "Kuku, vumbi gani jeupe? Na linanuka. Ningekuwa na mtu wa kumwambia ningemwambia."

Mkono wangu ulikwenda kwenye kioo wenyewe. Nilikigeuza, na kabla sijaona kitu kingine niliuona uso wake, ananitazama. Nilikuwa sijauona tangu nimuoe mwanawe. Tukakwepa kwa pamoja, yeye upande wake na mimi wangu, halafu nikaona kilichokuwa nyuma yake. Barabara yote tuliyotoka ilikuwa imejaa moshi.

Nilisimamisha gari kando na kuruka nje. Mafuta ya giaboksi yalikuwa yamechemka na kujitapika juu ya bomba la moshi, na yalikuwa yakiungua hapo kwa harufu ya ufuta uliosahauliwa motoni. Mistari ya matone ilionekana njiani mpaka kwenye kona. Yule mama alikuwa ameiangalia muda wote, maana yeye hakuwa na pa kutazama ila nyuma, na mimi nilikuwa nimejifunga macho kwa adabu. Nilikasirika. Nilimkasirikia fundi, mhandisi, kifungio, na wazee wa Kilangali kila mmoja kwa nafasi yake. Ilichukua muda kabla sijafika kwangu mwenyewe.

Saa saba kasoro dakika kumi, penye mlima huo, hapakuwa na nyumba wala gari. Ilibidi kungoja vyuma vipoe ndipo nimimine ile chupa. Akatokea mwanamume anasukuma baiskeli yenye mkaa. Alitusalimu akalizunguka gari lote.

"Nilete watu tukusukume?" aliuliza.

"Hili halisukumwi," nilimjibu kwa ukali.

"Kila gari linasukumwa."

"Kila gari si hili."

Aliniangalia kwa huruma. "Haya babu, pole na safari," akasema, akaenda zake. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Nyuma ya kioo cha gari nilisikia kama mtu aliyebanwa na kikohozi.

Nilisimama nimelipa gari mgongo, naangalia bonde. Mama alikuwa ameshuka na kukaa juu ya jiwe, kwa upande wake. Tulikaa hivyo, watu wawili na kuku mmoja katikati. Hatimaye akaanza tena, na safari hii hakuzunguka.

"Kuku, mwambie mwenye gari hivi. Mwambie amenibeba kama mayai tangu Ulaya. Mimi si yai. Nimepakiwa kwenye lori na mbuzi, nimeteremshwa usiku porini, sikuvunjika." Alipoendelea sauti ilikuwa imebadilika. "Nilipanga nikifika nisimpe mkono. Nilipanga nisimame tu anione, kisha nigeuke. Sasa nimekaa juu ya jiwe hili naona jua linakwenda, na ninachoogopa ni kwamba hatanisubiri. Mwambie kama ana namna ya kulikimbiza gari lake, alikimbize. Adabu atanifanyia siku nyingine."

Nilisikia kila neno na machozi yalinitoka, sitaki kudanganya. Namna ya kulikimbiza nilikuwa nayo tangu asubuhi. Nilikuwa nimepewa na fundi kwa Kiswahili kinachoeleweka, nikaikunja nikaiweka mfukoni kwa kuwa ina kelele.

"Kuku," nikasema, bado nimelipa gari mgongo, "mwambie mama akipanda ashike kiti kwa mikono miwili. Na kioo nitakirudisha mahali pake, aniwie radhi."

"Kuku hana neno," alijibu.

Saa saba na nusu niliimimina chupa yote, nikawasha, nikapima mafuta kwa kile kijiti injini ikiwaka kama nilivyofundishwa, nikaona yanafika kwa shida. Kisha nikaushusha mkono wa gia chini na kukanyaga. Gari lilipiga ukelele na kuruka. Tulipanda mlima uliobaki kama tunafukuzwa, matope yakipiga madirisha, mkeka ukianguka, kuku akipaza sauti juu ya injini. Nyuma yangu nilisikia "Bismillahi" moja kubwa, halafu nyingine, halafu zikaacha. Kila baada ya muda nilitupa jicho kwenye kioo, nikapita juu ya kichwa cha mama nikaangalia barabara. Barabara ilikuwa safi. Kundi la nyani lililokuwa limekaa njiani liliruka pande zote mbili bila kungoja honi.

Saa nane na dakika tano tulitokea kwenye lami ya Mikumi, na mgambo akanyoosha mkono. Alikuwa kijana mwenye viatu vya tairi na shati lililopigwa pasi vizuri kuliko shati langu lolote. Alimwamkia mama kwanza, kwa heshima zote, kisha akanigeukia.

"Saa nane imepita, ndugu."

"Dakika tano."

"Hata ingekuwa moja, ndugu. Lizime, liache hapa kwangu. Nitaliangalia mpaka kesho asubuhi, hakuna atakayeligusa."

Nilianza kumweleza habari za mgonjwa, na nadhani sauti yangu ilikuwa inapanda. Lakini mlango wa nyuma ulishafunguliwa, na mama alikuwa amesimama barabarani na tenga lake. Hakuwa na nia ya kusubiri mjadala.

Kwa miguu, basi. Njia ilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili. Nilitangulia mimi, yeye akafuata hatua kama ishirini nyuma, kila mmoja anaangalia pake. Wala mimi wala yeye hatukuwa tumewahi kufika nyumbani kwa Mzee Kibwana. Nilimwuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akianika mihogo.

"Pitiliza hapo kwenye mibuyu midogo," alisema, "utaona nyumba ndogo yenye mlango mkubwa. Mlango usiolingana nayo. Hutaikosa."

Ilikuwa kama alivyosema. Nyumba yenyewe ilikuwa ya miti na udongo, nyasi juu, ya kawaida kabisa. Mlango ulikuwa wa mninga mzito, mweusi kwa moshi wa miaka, na ili uingie ukuta ulikuwa umejengwa juu upande mmoja kuliko mwingine. Nilijitenga kando ili mama apite. Akapita, akafika mlangoni, akasimama.

Alisimama muda mrefu. Nilitazama pembeni, lakini hata kwa pembeni niliona kwamba ameweka tenga chini na kwamba kiganja chake kinapapasa ubao ule kuanzia juu kwenda chini, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Nani amesimama mlangoni?" iliuliza sauti dhaifu kutoka ndani.

Mama aliendelea kupapasa ubao.

"Kama ni Mwanahawa, ingia. Unajua unavyogoma. Unyanyue kwanza, ndipo usukume."

Mama aliweka bega lake, akaunyanyua mlango kidogo, akasukuma, ukafunguka. Akaingia.

Mke wa Mzee Kibwana, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, ndiye aliyeniletea kigoda na maji uani. Mimi nisingeweza kuingia chumba alichomo mkwe wangu. Nilimwuliza kuhusu mlango ule.

"Alisikia nyumba zitakazokutwa zimesimama zitachomwa," aliniambia. "Akaona afadhali aivunje yeye, taratibu, aokoe kitu. Kwenye lori kila nyumba ilipewa nafasi ya mizigo yake. Watu walipakia mahindi, yeye akapakia mlango wa nyumba ya baba yao. Mwaka ule tulishinda njaa, na mimi nilimsema sana."

"Na mama alijua?"

"Alimtumia watu mara tatu. Mama yenu hakutaka kusikia jina lake, watajuaje kumwambia habari ya mlango?"

Nilikaa pale mpaka adhana ya magharibi. Kupitia ukutani sauti zao zilinifikia, ya mzee nyembamba na ya mama nzito, lakini maneno hayakufika. Kuku alichinjwa, mchuzi ukaingia ndani, na mke wa mzee akatoka na bakuli akaninong'oneza kwamba amekunywa vijiko vinne.

Jumatatu alfajiri Mzee Kibwana alifariki. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri, na mimi nilishika koleo pamoja na wengine. Mama alibaki kwa ajili ya matanga. Nilipokwenda kuaga nilichuchumaa nje, nikauambia ukuta kwamba naondoka. Kutoka ndani alinijibu niende salama, kisha akaongeza, bila kumpitia mtu yeyote wala mnyama, kwamba mlimani nisilibembeleze.

Gari nililikuta kama nilivyoliacha. Yule mgambo alikuwa ameliosha vioo. Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi, na niliendesha jinsi fundi alivyoniagiza, kioo kikiwa sawasawa. Njia nzima nilikuwa najisema. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba heshima ni kutotazama na kwenda polepole, na sehemu kubwa ya maisha yangu imeniendea vizuri kwa imani hiyo. Bado naishika. Lakini pale mlimani adabu yangu yote ilikuwa inanifaa mimi, ili niwe mkwe mwema machoni pangu, na aliyekuwa nyuma alikuwa na haja nyingine kabisa. Kumwuliza nisingeweza. Kusikiliza ningeweza, hata kama anaongea na kuku.

Ulaya nilisimama kumpa Saidi habari za msiba, tukalia pamoja. Akafunga safari ya baiskeli jioni ile ile.

Kilosa nilifika jua likizama. Zuhura alikuwa amekaa kitandani na mtoto, taa haijawashwa. Nilimwambia mzee amefariki. Akatikisa kichwa, alikuwa ameshajua kwa jinsi nilivyofungua mlango.

"Alimkuta?"

"Alimkuta."

"Wakasemezana?"

"Tangu alasiri mpaka magharibi."

"Walisema nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba mimi ni mkwe, nilikuwa uani, sikusikia hata neno moja. Nilichosikia ni kwamba wakati mmoja mzee alieleza kitu kirefu, akikatishwa na kukohoa, na alipomaliza mama akacheka. Alicheka mpaka akaishiwa pumzi. Miaka saba nimekuwa mkwe wake na nilikuwa sijawahi kukisikia kicheko chake.

"Kikoje?" Zuhura aliniuliza. "Miaka mitano mimi mwenyewe sijakisikia. Nimekisahau."

"Ni kama chako," nikamwambia.

Hapo ndipo alipolia.